Dirisha la Kulia

Mzee Lazaro wa Kinyala ni mkaidi, na sisi majirani zake tunamwambia hivyo mbele yake. Siku hizi nyumba nyingi hapa kwetu mke wa mwana humwamkia baba mkwe na kumwandalia chai bila shida. Kwa Lazaro, hapana. Tangu mwanawe Erasto amlete mkewe Atuganile nyumbani, mzee hakuwahi kumtazama usoni wala kusema naye neno, kama walivyofanya wazee wake. Mkwe akipita uani, yeye hugeukia migomba. Haikuwa chuki. Ndiyo heshima aliyofundishwa, na binti wa watu aliipokea kwa kuinamisha kichwa.

Kisha macho yakaanza kumwangusha. La kushoto likazimika kabisa. La kulia, daktari wa Dar es Salaam alikubali kulifanyia upasuaji, ila hakuahidi kitu. Erasto, anayefanya kazi hukohuko Dar, akatuma nauli ya ndege na kumwagiza mkewe ampeleke. Mzee akawa na ombi moja tu: auone Mlima Rungwe kutoka juu. Ameishi chini yake maisha yote, na huenda asiuone tena.

"Mama Erasto," alimwambia mkewe, Tupokigwe, "mwambie mkweo anitafutie kiti cha dirishani."

Atuganile alikuwa palepale jikoni anamenya ndizi, mlango wazi, amesikia kila kitu. Hata hivyo Tupokigwe alimgeukia akamrudia maneno yote, bila hata kutabasamu. Sisi ndio tuliocheka.

Atuganile akaenda Tukuyu mjini kwa wakala wa tiketi, akamuuliza mpaka akachoka. Akaambiwa kwamba ukitoka uwanja wa ndege wa Songwe kwenda Dar, mlima unabaki kulia, na akae mbele ili bawa lisimzibe. Basi akamchukulia mzee dirisha la kulia. Yeye akachukua la kushoto, safu ileile, apate kumwangalia bila kumkaribia.

Ndege iliporuka, mzee aligandamiza paji la uso kwenye kioo. Akaona mawingu matupu. Kisha rubani akatangaza kwamba amezungukia kusini kukwepa mvua, na abiria wa upande wa kushoto wanaweza kuuona Mlima Rungwe.

Maskini mzee wa watu. Alibaki ameshika kiti cha mbele yake. Dirisha la kushoto lilikuwa na mkwe wake, na pembeni ya mkwe palikuwa na kiti kitupu.

Atuganile akaelewa. Akafungua mkanda, akainamisha kichwa, akainuka ili ampishe.

"Kaa," mzee akasema. Akavuka, akaketi kwenye kile kiti kitupu. "Jicho hili haliwezi peke yake. Nionyeshe."

Atuganile akamwonyesha kwa kidole: kilele na msitu wake, mashamba ya chai, mabati ya Kinyala. "Pale kijani kilipokolea, baba, ndipo migomba yetu ilipo." Mzee akakifuata kidole polepole mpaka akapaona, na machozi yakamtoka.

"Ndaga," akashukuru kwa Kinyakyusa.

Mlima ukapita, ukabaki nyuma. Mzee hakurudi kwenye kiti chake.

"Sasa geuka nikuone na wewe," akasema, "jicho lingalipo."

Atuganile, aliyemwinamishia uso tangu siku ya harusi, akauinua.