Alama Chini ya Sanamu ya Bi Mwanaisha

Usiku ule nililala nimekasirika, na aliyenikasirisha alikuwa marehemu. Maalim Athumani ndiye aliyenifundisha kazi ya kutambua sanamu za kauri: unaigeuza juu chini, unatazama alama ya kiwanda, unasema imetoka wapi na ina umri gani. Mchana wake Rukia alikuwa amenijia dukani na sanamu aliyoachiwa na mama yake, Bi Mwanaisha. Ni mwanamke wa kauri aliyebeba kikapu. Bi Mwanaisha aliiweka kabatini chini ya leso, maana kabati lilikuwa katika chumba alimoswalia, na sanamu haikai wazi panaposwaliwa. Pamoja nayo palikuwa na barua ya Maalim isiyo na tarehe, kwa mwandiko wake, kwamba ni ya kale mno. Rukia amepata mnunuzi, na alitaka nami niweke sahihi yangu chini ya barua ile.

Niliigeuza. Chini ya taji la buluu, alama ya kiwanda, limeandikwa jina la nchi, wazi kabisa. Somo la kwanza alilonipa Maalim ni kwamba viwanda vilianza kuandika nchi baadaye sana. Ukiona jina la nchi, usiseme ni ya kale. Nikamwambia Rukia arudi kesho. Niliazimia kumwambia kwamba macho ya mzee yalikuwa yameshaanza kuingia kiza.

Basi usingizini nikamwona Maalim. Amekaa kwenye kiti changu dukani, anaifuta sanamu kwa upindo wa kanzu. Namsalimu. Namuuliza aliionaje alama ile, naye ananipa sanamu. Naigeuza: nyeupe tupu. Naigeuza tena, taji lipo, lakini maandishi yanakimbia. Nasogea dirishani nipate mwanga, kumbe dirisha ni la chumba cha Bi Mwanaisha, naye yumo, bado kijana, mjane wa juzi. Mawifi wamejaa mlangoni wanacheka. Wanasema kaka yao, mpishi wa meli, miaka yote hiyo ughaibuni hakumkumbuka mkewe ila kwa sanamu hii, kikorokoro cha sokoni. Bi Mwanaisha anamtazama Maalim tu, na Maalim anaandika barua ile.

Nashika kalamu nimnyang'anye, haitoki mkononi mwake. Uchungu ukanipanda. Nikamwambia ameniponza: nikiweka sahihi mimi ni mwongo, nisipoweka nimemvunjia heshima kaburini. Nikamwambia nimeshapata njia, nitasema hakuona vizuri.

Hapo ndipo alipoinua uso.

"Niliona," akasema.

Nikamuuliza, sasa kwa nini aliandika vile.

"Wale wanawake wasingenyamaza kwa kitu kingine. Uongo ule ulikuwa kwa ajili ya mama. Binti mpe ukweli."

"Na wewe, Maalim? Watu watasemaje?"

"Waseme niliongopa. Lakini macho yangu usiyasingizie."

Akaichukua sanamu akarudi kuifuta, kana kwamba mimi ni mteja aliyekwisha kuhudumiwa.

Niliamka nimekunja ngumi. Hasira haikuwa imepungua hata kidogo; yeye kapumzika, mimi ndiye niliyeachiwa kumharibia Rukia biashara na kumtangaza mwalimu wangu kuwa mwongo. Lakini lile la macho sikuweza tena kulisema. Sikungoja saa za kufungua duka. Nilivaa viatu nikaenda kumbishia hodi Rukia, nimwambie sanamu si ya kale, na kwamba Maalim alilijua hilo tangu siku ya kwanza.