Alichorudi Nacho Festo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa gunia la jezi zilizoloa na sanduku la njumu, nikaambiwa mechi ni kesho. Ilikuwa Mbeya, katikati ya masika, na jua lilikuwa halijaonekana kwa siku kadhaa. Meneja wa timu, mtu mfupi aliyewahi kuendesha malori kabla ya kuingia kwenye mpira, alinikabidhi akaenda zake. Mimi nilikuwa kijana niliyeishia darasa la saba, nimetoka kuuza viatu vya mtumba sokoni Mwanjelwa, na aliyeniita alidhani anayejua viatu atajua na jezi. Nikawasha majiko ya mkaa, nikafunga kamba juu yake, nikazitundika. Zilikauka. Kesho yake beki wa kati aliivaa ya kwake, akainusa, akasema, "Mzee, leo tunacheza mpira au tunapelekwa stendi kuuzwa na mahindi ya kuchoma?" Wenzake wakacheka, nikacheka na mimi. Jina la Mzee lilianzia pale, ingawa baadhi yao walinizidi umri. Baadaye likawa Mzee Jezi, na hadi leo wapo wanaonijua kwa hilo tu.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaocheza sasa, lakini zaidi kwa ajili ya marehemu Festo. Kwenye msiba wake liliulizwa swali ambalo vijana huliuliza kila siku: mchezaji akienda kucheza ligi za nje, anapata nini? Siku ile halikuwa swali la kupigia soga. Binti yake, Upendo, alikuwa ameitwa na timu moja ya wanawake ya Moroko, na ukoo ulitaka kumzuia kwa sababu ya yaliyompata baba yake. Nitafika huko. Kwanza nieleze kazi, maana bila kuijua kazi yetu, hutaelewa Festo alirudi na nini.

Mtunza vifaa ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Anafua jezi, bukta na soksi, anapuliza mipira, anahesabu koni za mazoezi, anashona namba inapobanduka. Kazi kubwa kuliko zote ni njumu. Njumu ni viatu vya mpira vyenye meno chini. Uwanja ukiwa na maji unataka meno marefu yanayouma udongo, ukiwa mkavu unataka mafupi, la sivyo goti linaumia. Mbeya mvua hukatika na jua kuwaka ndani ya mechi moja, kwa hiyo nilikuwa nabeba za aina zote mbili na kusimama mstari wa pembeni kama muuza duka.

Na tulikuwa na desturi yetu. Mechi ikiisha, wachezaji walivua njumu mlangoni, wakazirundika pale na matope yake, wakaenda zao kuoga. Mimi ndiye niliyezikwangua. Hakuna aliyeona ni vibaya, hata mimi. Mchezaji wa ligi kuu kushika brashi ilikuwa kujivunjia heshima.

Festo alikuja kwetu akitokea Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga. Alikuwa winga, mwembamba, ana mbio, na hakuwa na maneno mengi. Kocha mkuu wa wakati ule, mzee mkali aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, alimpenda ila hakumwonyesha. Wakala mmoja alipokuja kumtafutia timu Uarabuni, viongozi walibishana sana. Kocha alimwita Festo chumba cha vifaa, nikiwa napanga soksi, akamwambia, "Nenda. Mimi nilichonacho nimekupa chote." Festo akashukuru, akaondoka na begi moja.

Sitasema kule kulikuwa kuzuri. Alinipigia simu mara kwa mara. Mwaka wa kwanza alikaa benchi zaidi ya alivyocheza. Mshahara ulikuwa unachelewa. Lugha hakuijua, chakula kilimshinda. Kisha mama yake akafariki Ubaruku, na klabu ikamwambia akiondoka msimu ukiwa katikati asihangaike kurudi. Mkataba alikuwa amesaini bila kusomewa na mtu anayeuelewa. Siku ya mazishi nilikwenda. Nilisimama kaburini nimeinua simu juu ili asikie nyimbo za kwaya na udongo unavyoshuka. Sikuwahi kushika kitu kizito kama ile simu.

Miaka ilipita. Mimi nilihamia Iringa, kwenye klabu iliyokuwa chini ya mwenyekiti mfanyabiashara wa mbao. Huyo mwenyekiti alikuwa mtu wa kutoa. Bila yeye tusingepata hata nauli ya kwenda Songea. Msimu mmoja, dirisha la usajili likiwa karibu kufungwa, alituletea mchezaji mzoefu aliyerudi kutoka nje. Nilipotoka kumpokea nikamwona Festo. Tulishikana mikono, akaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza maji ya kufulia yanapatikana wapi.

Baada ya mazoezi ya kwanza hakuzitupa njumu zake mlangoni. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniomba brashi, akazifua mwenyewe, akazijaza magazeti ndani ili zisipinde, akaziweka kwenye begi lake. Nilimwambia aache, hiyo ni kazi yangu. Akasema, "Kaka, kule kila mtu anafua zake. Ukifua mwenyewe unaona jino lililolegea kabla halijakuvunja mguu." Halafu akatoka na beseni, akanunua barafu kwa mama muuza juisi, akatia miguu ndani akakaa. Ilikuwa mwezi wa saba. Wanaoijua Iringa ya mwezi wa saba wanaelewa kwa nini mlinzi wa uwanja alikwenda kuita watu waje kutazama.

Sasa nieleze jambo ambalo wakubwa hawapendi liandikwe. Kwenye mpira wetu ipo kamati ambayo haimo kwenye katiba ya klabu yoyote. Tunaiita kamati ya ufundi, lakini haifundishi mpira. Kazi yake ni kwenda kwa waganga. Tulipotoka sare mechi kadhaa mfululizo, kamati ile ilianza kutafuta mchawi, na haikuchukua muda. Mwenyekiti alinikuta naanika jezi.

"Kamwene, Mzee Jezi."

"Kamwene, Mwenyekiti."

"Viatu vya Festo unafua wewe?"

"Anafua mwenyewe."

"Kwa nini hataki uvishike?"

"Hajakataa nivishike. Anasema kule alikotoka kila mtu anafua vyake."

"Na yale maji anayotia miguu?"

"Ni barafu. Inazuia miguu kuvimba."

"Mzee Jezi, baridi hii? Mtu mwenye akili zake atie miguu kwenye barafu, na hajalazimishwa?" Akashusha sauti. "Huyo amerudi na vitu vya Waarabu. Vinagombana na vya kwetu."

Nilimwambia sivyo. Nilimwambia zaidi ya mara moja, na nilimwambia Katibu wa klabu pia. Walinisikiliza kwa heshima kama mnavyomsikiliza mtu mwenye ndugu yake hospitali. Lakini vijana hawakuogopa. Kipa wetu alianza kufua njumu zake, kisha beki wa kushoto, kisha wengine. Rundo la mlangoni likapungua, nami nikapata muda wa kushona.

Kilichommaliza Festo pale ni kifundo cha mguu wa beki wa kushoto. Kijana aliteguka mazoezini siku chache kabla ya mechi kubwa. Kwa kawaida tungemchua kwa maji ya moto, tungemfunga bandeji ngumu, na angecheza akichechemea. Festo alimwekea barafu, akamwinua mguu juu ya begi, akamwambia Kocha mbele yetu sote, "Huyu Jumapili hachezi."

Kocha wa pale, kijana msomi mwenye kozi zake, akauliza, "Kwani kocha ni nani hapa?"

"Ni wewe, Kocha. Ila mguu si wangu wala si wako."

Hakupandisha sauti. Kijana alipumzishwa, na tukafungwa. Katika kikao cha viongozi, kufungwa, viatu na barafu vikawekwa pamoja vikawa kesi moja. Msimu ulipoisha Festo hakuongezewa mkataba. Yule beki bado anacheza, na kifundo chake ni kizima.

Festo alirudi Ubaruku kulima mpunga. Goti lilikuwa limechoka na timu nyingine hazikumtaka, maana maneno yalishasambaa. Nyumba aliyokuwa anajenga ilibaki bila bati, kwa sababu akiba yake iliishia kwenye matibabu ya goti. Watu walimtazama wakasema, huyu si ndiye alikwenda nje? Mavuno yakiisha, alichukua majaruba ya mpunga yaliyokauka akayafanya kiwanja, akafundisha watoto. Upendo alikuwa miongoni mwao, winga kama baba yake, ila yeye ana maneno. Nilipostaafu nilikuwa nakwenda kumsalimia Festo, tunakaa ukingoni mwa mfereji tunawatazama. Mwaka huu aliugua muda mfupi, akafariki. Nilimvalisha mimi. Nilikuwa nimemvalisha mara nyingi kabla ya mechi, nikimfunga bandeji na kumnyooshea kola, na mikono yangu ilifanya kazi bila mimi kuiambia.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa uani, mchana, baada ya chakula. Kaka mkubwa wa marehemu, Mzee Elia, ndiye aliyeendesha kikao. Upendo alikaa kwenye mkeka karibu na mama yake. Mzee Elia alisema barua ya Moroko ameisikia na jibu lake ni hapana.

"Mdogo wangu aliondoka na begi moja, akarudi na begi hilohilo," alisema. "Mama alikufa anamwita. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Leo niwape na binti?"

Hasira yake ilikuwa na haki, na kila mtu pale aliijua. Mama Upendo akaniomba nizungumze, kwa kuwa nilikaa na Festo kabla hajaenda na baada ya kurudi.

Nilisimama. Nikasema, "Mzee Elia amesema kweli. Fedha Festo hakurudi nazo, na mama yake hakumzika. Sitamtetea kwa uongo, hata yeye asingependa. Lakini mkisema alirudi bila kitu, hapo nakataa. Alirudi anajua kutunza mwili wake na wa mwenzake. Alirudi anaweza kumwambia mkubwa hapana bila kumvunjia heshima. Hayo hakuyapata Mbeya wala Iringa. Aliyaleta kwetu, na sisi tukasema ni uchawi."

"Mlimfukuza kwa usafi," alisema shemeji yake mmoja, na wachache wakacheka kidogo.

Mzee Elia hakucheka. "Na kama angebaki hapa nchini? Asingeng'ara zaidi?"

"Pengine. Sijui, Mzee."

Akamgeukia Upendo. "Wewe. Ukiumia kule nani atakuangalia?"

"Nitasema nimeumia, baba mkubwa. Baba alitufundisha kusema."

"Wasipokusikia?"

"Nitarudi nyumbani." Kisha akauliza taratibu, "Nikirudi hivyo, mtanipokea?"

Watu wazima wote pale walitazama chini. Nilimwona Mzee Elia anaifuta miwani yake kwa shati, anaivaa, anaivua tena. Sote tulikuwa tunafikiria jinsi tulivyompokea baba yake.

Mwisho akasema, "Mkataba usomwe na mwanasheria kabla hajasaini. Iandikwe kwamba akifiwa ataruhusiwa kuja kuzika, na tiketi ya kurudi iwe mkononi mwake, isiwe kwa wakala." Akapumua. "Halafu aende. Na akirudi, awe na kitu asiwe na kitu, anafikia kwangu. Mtu yeyote wa ukoo huu asimuulize ameleta nini."

Upendo aliondoka mpunga ukiwa haujavunwa.

Mimi sasa naishi Mbeya na mikono imeanza kufa ganzi, kwa sababu ya miaka yote ile ya maji ya baridi. Vijana hunifuata kuniuliza kama waende nje au wabaki. Siwaambii kuwa nje ni pepo, maana nimeshika simu juu ya kaburi. Siwaambii wabaki pia. Nawauliza kwanza nani amewasomea mkataba, kisha nawauliza nyumbani kwao wamekubaliana nini kuhusu siku ya kurudi. Wengi swali la pili hawajawahi kulifikiria. Nawarudisha wakaulize.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mzee mwenzangu alinisimamisha mlangoni akataka kujua yule binti wa Ubaruku ametuma nini tangu aende. Nilimjibu kwamba jana yake amecheza mechi nzima, ameumia kidole cha mguu, amemwambia daktari wao, na daktari amemsikiliza. Alisubiri niendelee. Nikamuaga, nikaenda zangu.