Fundi wa Makochi Aliyetaka Kulazwa Akili

Fundi wa makochi hufanya kazi kinywa kikiwa kimejaa misumari. Ile midogo yenye vichwa bapa huishikilia ndani ya shavu, ausukume mmoja kwa ulimi hadi mdomoni, aunase kwa nyundo yenye ncha ya sumaku na kuugonga kwenye mbao kabla hujapepesa jicho. Nimewaona mafundi wa namna hii katika miji mingi, na kote ni mabubu wa mchana. Huyu wa chini ya chumba nilichopanga walimwita Misumari, na alikuwa bubu hata baada ya kuitema.

Mkewe alikuwa akishona foronya za mito kwenye cherehani cha miguu, mgongo kwa mgongo naye, ndani ya karakana ileile inayonuka gundi na sponji mpya. Mama huyo aliongea kutwa: majirani, bei ya uzi, mteja anayekaa kana kwamba kochi limemkosea. Mume alijibu kwa miguno. Mmoja ndiyo, miwili hapana, mrefu maana yake tutaona. Ndoa nzima iliendeshwa hivyo, na ikaenda. "Nimeolewa na ng'ombe," mama alikuwa akiwaambia wateja, "lakini ng'ombe anayesikiliza."

Kisha moyo wa mama ukasimama, asubuhi moja, kabla ya chai.

Baada ya mwaka na ushei fundi aligundua kwamba maneno ya mkewe anayo, sauti hana. Kila akijaribu kuikumbuka, ilikuja sauti ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyempigia simu kila Jumapili kumjulia hali. Dada wale walifanana sauti, lakini kufanana si kuwa. Fundi akaanza kuiacha simu iite hadi inyamaze.

"Mke wangu anakufa mara ya pili," aliniambia siku niliyompelekea kiti changu kilichobonyea, "na safari hii muuaji ni shemeji."

Nikamuuliza kama hakuna hata ujumbe wa sauti kwenye simu.

"Nani humrekodi mtu anayekaa mgongoni kwake?"

Usingizi nao ulikuwa umemhama. Mteja mmoja ndiye aliyemtajia tiba ya hipnosi, ambayo mtaani waliiita kulazwa akili. Karibu kila lugha niliyokutana nayo hulivuta neno hilo upande wa usingizi, na watu hudhani utalala kama gogo huku mtu akikufungua kichwa kama droo. Fundi alidhani hivyohivyo, na ndicho alichokitaka. Droo ifunguliwe, sauti itolewe.

Alikwenda kwanza kwa bwana mmoja aliyebandika tangazo juu ya duka la simu: kumbukumbu zote zarudi, kikao kimoja tu. Bwana huyo hakumuuliza kama anaumwa, anatumia dawa gani, wala kwa nini halali. Alimwonyesha kochi la kulalia. Fundi akalibonyeza kwa kiganja, akasikia springi zimekatika, akaaga.

"Mimi mtu akileta kochi nalipindua kwanza nione chini," alisema. "Yule hakunipindua."

Zahanati walimpindua. Daktari alimpima presha na damu, akamwuliza habari za kifafa, na kama husikia sauti zisizo za mtu. "Ningesikia nisingekuja," fundi alijibu, na daktari hakujua acheke au aandike. Hatimaye alimpa jina la mama mmoja, muuguzi wa miaka mingi aliyesomea hipnosi, ambaye huruhusu mgonjwa kuja na mtu wake. Mtu wa fundi alikuwa mmoja tu, shemeji, hata kama fundi alikuwa haipokei simu yake.

"Kumbe una mdomo!" shemeji alisema alipopigiwa. "Nilidhani umeshameza ile misumari."

"Nataka unisindikize."

"Wakikulaza ukaamka unabweka, mimi sikujui, shemeji. Nakuambia mapema."

Lakini alikuja, amevaa viatu vya kutokea. Chumba kilikuwa na viti viwili, pazia la kijivu na dirisha linalotazama gereji. Shemeji akakaa kwenye benchi la nje, mlango ukaachwa wazi kidogo.

Muuguzi alieleza kabla ya lolote. Hutalala. Utasikia gereji, utanisikia mimi, na ukitaka kufumbua macho utafumbua. Siwezi kukufanya useme usichotaka kusema. Wengine huzama upesi, wengine hawazami kabisa, na si kosa la mtu. Kwa usingizi na wasiwasi huenda ikakusaidia, tutaonana mara kadhaa, na dawa za daktari usiziache.

"Na sauti?" fundi akauliza.

"Sauti gani?"

Akamweleza. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaweka mikono magotini.

"Hilo sifanyi, baba."

"Haiwezekani?"

"Inawezekana sana, ndiyo inayonitisha. Nikikuongoza umsikie, utamsikia. Safi kabisa, pengine hadi ulie. Lakini akili ikiwa imelegea hivyo haichimbui tu, inatengeneza pia. Hutajua ni yake au ni yako. Na ukishaisikia, huwezi kuirudisha. Ile iliyobaki, kama ipo, itakaa chini yake."

Fundi alijua jambo hilo. Kila kochi kuukuu huja na kitambaa kilichogongewa juu ya kingine, na mwenye nyumba hakumbuki tena rangi ya kwanza. Aliniambia alitamani kusema, tengeneza tu, nipe hiyo ya bandia, nitaishi nayo. Neno lilifika mdomoni. Nje kwenye benchi, shemeji akakohoa.

"Basi usingizi," akasema.

Akafumba macho. Muuguzi akamwongoza apumue, alegeze mabega, achague mahali anapotulia. Hakumwambia pa kwenda. Fundi akaenda karakana. Gereji aliisikia, kama alivyoambiwa. Mgongoni kwake hakuna aliyeongea. Kulikuwa na cherehani tu: mbio fupi, mkwaruzo, mbio fupi tena. Alijikuta ameguna, mguno mmoja.

Siku ya pili yake nilishuka kuchukua kiti. Shemeji alikuwa amekaa kwenye cherehani, amekiondolea kifuniko.

"Ameniita nije kukanyaga mashine," alinilalamikia. "Hata karibu hajanikaribisha."

"Kanyaga, shemeji," fundi alisema. Alikuwa amempa mgongo, misumari mdomoni, anagonga kiti changu.

Akakanyaga. Mbio fupi, mkwaruzo, kwa sababu mkanda wa mashine umelegea na haukuwahi kubadilishwa. Nyundo ikasimama.

"Ndiyo yenyewe?" shemeji akauliza. "Ndiyo uliyoisikia kule kwa muuguzi?"

Mguno mmoja.

"Na dada? Ulimsikia?"

Fundi aliinama, akaitema misumari kiganjani, yote, ikang'aa kwa mate. Akageuka kumtazama.

"Hapana. Yeye sikumsikia. Mashine tu."

Shemeji aliigeukia mashine. Alinyoosha kipande cha kitambaa, akashona mshono mmoja ulionyooka, usio wa kitu chochote, kisha akachukua mkoba.

"Jumapili nitapiga."

"Piga. Nitapokea."

"Utaguna tu."

"Nitasema."

Alipotoka, fundi alikitazama kifuniko cha cherehani lakini hakukirudisha. Misumari aliiweka kwenye kifuniko cha kopo, ikauke. Alimalizia kiti changu akiiokota humo mmoja mmoja kwa vidole, kazi ya polepole isiyofaa, inayomgongea fundi dole gumba. Kinywa chake kilikuwa kitupu. Mara moja aligeuza kichwa nusu, kama mtu aliyeitwa, akafungua mdomo.

Kisha akaokota msumari mwingine.