Si Kila Mwanya Ni Ufa

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, ukungu umekalia milima ya Wundanyi siku ya tatu, nami ni mke wa miaka miwili mwenye kiburi cha miaka kumi. Mume wangu alifanya kazi ya reli huku Voi, na alikuwa amenijengea nyumba ya mabati, ya kwanza katika ukoo wao. Kitu kimoja kilinikera: mwanya ulioachwa kati ya ukuta na paa. Niliona aibu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, basi nikapanda kiti nikauziba wote kwa magunia ya mkonge. Niliposhuka nilijiona fundi.

Asubuhi hiyo mtoto wangu wa miezi saba alikuwa anatetemeka. Nikawasha jiko la makaa nje, nikangoja moshi uishe, maana hata ujinga wangu ulikuwa na adabu. Makaa yalipokuwa mekundu, safi, nikaliingiza ndani, nikafunga mlango na kusukuma kitambaa chini yake. Joto likawa tamu. Kichwa kikaanza kunigonga, nikasema ni baridi. Nikalala, mtoto kifuani.

Mama mkwe alikuja kuniletea mboga. Akabisha, kimya. Akausukuma mlango kwa bega mpaka ukafunguka. Nilipopata fahamu nilikuwa kwenye majani yenye umande, naye amemshika mtoto, shingo imelegea kama ya kuku aliyechinjwa. Alikuwa akimpulizia hewa na kumwita jina. Mtoto alichelewa kulia. Sijawahi kungoja kitu kama nilivyongoja kilio kile.

Kilipokuja, mama hakunikumbatia. Alichukua mpini wa jembe, akaingia, akasukuma gunia moja moja mpaka yote yakaanguka.

"Ulitaka nyumba nzuri au kaburi zuri?" akaniuliza.

"Mama, makaa hayakuwa na moshi."

"Moshi unakukohoza, unakufukuza utoke. Wewe umemfukuza mbwa, ukabaki na mwizi, sumu ya makaa isiyoonekana. Si kila mwanya ni ufa, msichana. Huo ndio pua ya nyumba."

Mtoto yule alipona. Ndiye mama yake Wakesho, mjukuu wangu ninayejivunia hata kanisani. Yaani nilikaribia kumfuta Wakesho kabla hajaandikwa.

Huyu Wakesho anatengeneza shanga za kioo hapa nyumbani Voi. Anayeyusha vijiti vya kioo kwenye moto wa gesi unaonguruma mezani, anavizungusha kwenye waya, inatoka shanga ya kijani utadhani ni jiwe la thamani la machimboni. Juzi nikampelekea chai. Nikakuta dirisha limefungwa, mlango umefungwa, na feni ndogo ya meza inazunguka.

"Upepo unayumbisha moto, nyanya," akasema. "Na vumbi jekundu linashika kwenye kioo. Lakini usijali, huu moto ni safi, hauna hata moshi."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Chai ilinimwagikia mkononi.

"Zima," nikamwambia. "Hiyo feni yako inakoroga uji uleule uliochacha."

"Nyanya, wewe uliishia darasa la tatu."

"Linatosha kujua kupumua. Kichwa hakikugongi jioni?"

Akazima moto, akakiri. Kumbe kilikuwa kinamgonga wiki nzima. Nikamkalisha nje, nikamweleza habari ya magunia na ya mama yake. Alilia, nami sikumzuia.

Fundi wa mabati akamtengenezea kofia ya bati juu ya moto, na bomba lenye feni ya kuvuta, linalotoka nje mbali na madirisha ya jirani. Tukaijaribu kwa kitambaa kinachofuka. Moshi ukamrudia usoni. Feni ilikuwa inavuta, lakini chumba kimefungwa, ingevuta nini? Tukatoboa tundu kubwa chini ukutani, nyuma ya kiti chake, tukaliwekea wavu wa vumbi. Tukajaribu tena, moshi ukaingia kwenye kofia wote, na moto haukuyumba. Mtungi wa gesi nao ukahamia nje, kivulini.

Basi wewe unayefanya kazi ya moto nyumbani, nisikilize. Hewa iingie nyuma yako, ipite kwenye moto, itoke nje kabla haijafika puani. Inayotoka bila nyingine kuingia, hiyo ni kujidanganya. Usiuamini moto kwa sababu ni safi. Feni ikifa, kazi nayo isimame. Kichwa kikigonga, zima, toka, kisha mwambie mtu, usione haya.

Mungu aibariki mikono yako, ajaze kifua chako hewa njema, na akuweke mpaka uzeeke, uwakemee wajukuu wako kwa sauti nzima.