Sahani Nne za Bi Chupa

Kabla sijasema lolote, ijulikane kwamba oveni ni yangu. Mimi ndiye mpishi wa shule. Oveni ile niliikuta mbovu, nikaibembeleza mpaka ikakubali kuwaka, na hadi leo mlango wake haufungi mpaka uupige teke la upole upande wa kushoto. Teke hilo nilikuwa nalijua peke yangu. Kwa hiyo wifi yangu alipoingia jikoni wiki ya mwisho ya muhula, daftari kwapani na meno thelathini na mawili nje, nilijua kabla hajasalimia kwamba amekuja kuitaka oveni.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu, na ni mhudumu wa maabara katika shule hiyohiyo. Kazi yake ni kuosha. Miaka kumi na tisa ameosha chupa, mirija ya kioo, sinki na meza, mpaka wanafunzi wakambandika jina la Bi Chupa, na mwenyewe akalipenda. Chombo kikiachwa mezani dakika mbili, ukigeuka utakikuta kimeinamishwa juu ya kitambaa, kinameremeta. Akija nyumbani kwangu simalizi chai. Nikiweka kikombe chini ili nicheke vizuri, kimeshaoshwa.

Lakini moyo wake haukuwa kwenye kuosha. Alitaka kufundisha sayansi. Aliacha shule akiwa binti, mama yao alipougua, ili alee wadogo zake, na mmoja wa wadogo hao ndiye ninayempigia pasi mashati leo. Namtania sana wifi yangu, maana wifi asipotaniwa atataniwa nani, lakini sisahau kwamba mume wangu alijifunza kusoma kwa sababu mtu mwingine alifunga madaftari yake.

Sasa, likizo ndefu ilikuwa inaanza, na kila likizo watoto wa mtaani kwetu hushinda wameninginia kwenye geti la shule kutwa nzima, kwa kuwa wazazi wako kazini. Bi Chupa alimwomba Mwalimu Mkuu wiki moja tu ya kuwafundisha sayansi kwa kuoka biskuti za likizo. Mwalimu Mkuu ni mtu mrefu, mchache wa maneno, ambaye hukohoa kabla ya kukataa jambo. Alikohoa. Halafu, kwa mshangao wa wote, akakubali nusu. Ijumaa saa tisa angekuja na wazazi. Watoto wakiweza kueleza wenyewe walichojifunza, ile stoo iliyo kando ya jiko langu ingekuwa chumba chao cha sayansi kila likizo. Akikuta wamejifunza kula tu, stoo ingepokea madawati mabovu, na habari za biskuti zisisikike tena.

"Wifi," aliniambia, "mlango huu nimeungoja miaka kumi na tisa. Nipe oveni."

Nikampa. Nikamfundisha na teke.

Jumatatu walikuja watoto kumi na wanne, wengine wamevaa aproni za mama zao zinazoburuta sakafuni. Bi Chupa alitia beking pauda ndani ya chupa, akamimina maji ya moto, akalivisha puto kwenye mdomo wa chupa. Puto likaanza kuinuka lenyewe, likasimama wima, likanenepa. Zilipigwa kelele mpaka mlinzi akaja mbio na rungu. Kulikuwa na kibinti kimoja cha darasa la pili, hakina meno ya mbele, ambacho sote tulikiita Kwa Nini kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza asubuhi. Kikataka kujua nani amepuliza. Bi Chupa akaeleza kwamba ni hewa inayozaliwa humo ndani, na kwamba hewa hiyohiyo ndiyo inayoinua biskuti na kuiachia vitundu. Mlinzi akabaki kusikiliza. Rungu alilisahau jikoni hadi Jumatano.

Jumanne walishindanisha siagi ngumu na siagi iliyoyeyuka, wakipima kwa rula ipi inatambaa mbali zaidi juu ya sahani. Jumatano wakapasha sukari kwenye kikaango changu na kuitazama ikigeuka kutoka nyeupe hadi kahawia, huku wote wakinusa kwa pamoja kama watu wa kwaya. Kikaango kile nilikisugua siku mbili. Nilinung'unika, sikatai, lakini nilikuwa nimeanza kuja kazini nusu saa mapema ili nisipitwe.

Jambo moja lilikuwa linawatesa. Bi Chupa ametoka maabara, na maabara kuna sheria: kitu cha majaribio hakionjwi. Watoto kumi na wanne, wiki nzima, wamezungukwa na sukari na siagi, na hakuna kuonja hadi majaribio yaishe. Walimeza mate mpaka nikawahurumia. Mmoja alikaa na mikono mfukoni siku nzima ili isimsaliti.

Ijumaa asubuhi ikawa siku yenyewe. Walikanda unga wa aina nne: mmoja kamili, mmoja bila beking pauda, mmoja bila sukari, na mmoja uliotiwa siagi iliyoyeyuka. Biskuti zote zilikatwa nyota kwa kopo moja lililokunjwa, ili pasiwe na upendeleo. Kila aina ikawa na trei yake, na watoto wakaandika kwa chaki kwenye ukingo wa trei ni unga gani. Oveni ikapigwa teke, jiko zima likanukia, na mimi mtu mzima nikajikuta nimechuchumaa mbele ya mlango wa oveni pamoja nao nikihesabu dakika.

Saa tisa kasorobo watoto walikwenda kunawa nyuso. Mimi nikaenda kuchukua kitambaa cha meza. Sikukaa huko hata robo saa. Niliporudi, nyota zilikuwa zimepangwa vizuri kwenye sahani nne nyeupe za wageni, na trei zangu nne zimeinamishwa kandokando ya sinki, zinameremeta kuliko siku nilipozipokea.

Bi Chupa alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, macho yamemtoka.

"Wifi," akasema, "nimeosha."

Mikono yake haikumuuliza. Ilikuta vyombo vichafu, ikafanya ilichofanya miaka kumi na tisa. Chaki yote ilikuwa imekwenda na maji, na sahani alikuwa amezihamishahamisha ili zipendeze. Moyo ulinishuka hadi kwenye ndala. Nyota zile pana na bapa, hizo hata mimi ningekisia. Lakini nyingine zilifanana, hasa sahani mbili za katikati. Nikanyoosha mkono haraka: mimi ni mpishi, nikionja kidogo tu nitakuambia yote. Akanipiga kofi la vidole kama mtoto.

Nikamsihi basi aandike tu vibandiko kwa kukisia, nani atajua? Akatikisa kichwa. Amewazuia watoto wiki nzima wasionje na wasikisie, sasa aanze kukisia yeye mbele ya wazazi wao? Alikuwa karibu kulia, na mimi nilikuwa karibu kumlilia. Tukiwa hapo, mlango ukafunguka, wakaingia wazazi, wakaingia watoto wenye nyuso zilizong'aa, na nyuma yao, akiinama ili asigonge kichwa, Mwalimu Mkuu.

Nilidhani wifi yangu atatafuta ujanja. Badala yake alikunja kitambaa kile mara nne, akakiweka, akawaambia watoto mbele ya watu wote.

"Nimekosea. Nimeosha trei kabla hatujaandika matokeo. Sijui sahani ipi ni ipi. Mtanisaidia?"

Mwalimu Mkuu akatoa kikohozi kidogo, cha kujiandaa. Mzazi mmoja akaangalia saa yake.

Kisha Kwa Nini akaomba rula.

Sijui nieleze vipi kilichofuata, kwa sababu kila mtu alisogea kwa wakati mmoja. Kibinti kilipima nyota ya sahani ya mwisho, kikatangaza kwamba imetambaa na ncha zake zimepotea, kwa hiyo siagi yake ilikuwa imeyeyuka kabla ya kuingia ovenini, kama Jumanne. Aliyekuwa na mikono mfukoni akaitoa, akainua sahani ya kwanza hadi dirishani. Nyota zake zimepauka, akasema, na anayefanya kahawia ni sukari, tuliiona kwenye kikaango cha mpishi. Wazazi wote wakageuka kunitazama. Nikajikuta naitikia kwa kichwa kama profesa.

Zikabaki mbili za katikati. Rangi moja, upana karibu mmoja. Wakavunja moja kutoka kila sahani, wakaweka vipande chini ya kioo cha kukuzia, wakaanza kubishana. Mmoja aliona vitundu huku, mwingine akadai viko kote. Rula haikusaidia. Nikaona Mwalimu Mkuu anatazama mlango wa stoo, na roho ikaniuma, kwa sababu madawati mabovu yalikuwa tayari yamepangwa kule ukumbini.

Midomo ya Bi Chupa ilikuwa imebanwa hasa, na najua jibu lilikuwa nyuma ya hiyo midomo, lakini alisubiri.

Kwa Nini akawa anakodolea macho lile puto la Jumatatu, limesinyaa, bado limening'inia msumarini. Akaomba glasi mbili za maji. Akaeleza, bila meno ya mbele, kwamba mwenye hewa tumboni hazami. Nikamletea glasi mbio, naapa nilikimbia, na mimi sijakimbia tangu harusi yangu. Nyota ya kwanza ikatumbukizwa, ikaelea. Ya pili ikatumbukizwa, ikasita kidogo, kisha ikashuka taratibu mpaka chini na kutulia.

Jiko lililipuka. Wazazi walipiga makofi, mlinzi alicheza na rungu lake, mtoto mmoja alimkumbatia mtu asiye mama yake. Mimi nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka, na sikujali nani ananiona.

Mwalimu Mkuu akasogea mezani. Akachukua nyota moja kamili kwa vidole viwili. Akakohoa, na kikohozi chake sote tunakijua. Akaitazama ile nyota, akamtazama wifi yangu.

"Mwalimu," akamwambia, "naruhusiwa kuonja?"

Wifi yangu aligeuka nyuma kuangalia ni mwalimu gani ameingia. Nyuma yake kulikuwa na sinki tu. Ilibidi nimpige kiwiko. Akaitikia kwa kichwa. Hapo watoto kumi na wanne walivamia sahani zote nne, wakala hata zile zisizo na sukari, na kusema ni tamu.

Wageni walipoondoka, ufunguo wa stoo ulikuwa umebaki mezani katikati ya makombo. Bi Chupa alikaa kwenye kiti changu akiutazama. Glasi zilikuwa chafu, sahani zilikuwa chafu, na nyota moja ilikuwa bado imelala chini ya maji. Nilingoja ainuke, kwa sababu namjua. Akainuka kweli, mikono ikaelekea kwenye glasi, kisha ikasimama. Akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wangu wa orodha ya vyakula: VISIOSHWE. SOMO LINAENDELEA.

Vyombo vilikaa vichafu jikoni kwangu hadi Jumatatu, na mimi sikusema neno.