Ng'ombe wa Mama Kwenye Stempu

Mjomba wangu alikuwa mtu wa kupendwa, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Akija kwetu Njombe kutoka Makambako, alikokuwa msaidizi wa bwana mifugo katika serikali ya Mwingereza, watoto tulimkimbilia hadi barabarani, na mama, dada yake, alimchinjia kuku hata kama ni yule anayetaga. Baba alikwisha kufariki. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mali yake mwenyewe, aliyempata dada yangu alipoolewa: mweusi, mwenye baka jeupe usoni na pembe moja iliyoinamia jicho.

Maradhi yalipofagia mazizi ya majirani wote, ng'ombe huyo hakukohoa hata mara moja. Habari zikamfikia mjomba, akaja na lori.

"Kamwene, dada," alisalimu. "Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa wanyama wanamtaka ng'ombe wako. Wakiijua damu yake, mifugo ya nchi nzima itapona."

Mama alimuuliza neno moja tu. "Wanamchukua kwa desturi?"

"Kwa desturi, dada."

Kwetu ukimkabidhi mtu ng'ombe akutunzie, maziwa anakunywa yeye, ndama ni wako, na ng'ombe akifa anakuletea ngozi uione kwa macho yako. Ngozi isipoletwa, basi ng'ombe yu hai. Haikumpitikia mama kwamba huenda serikali haina habari na mambo hayo. Alimuuliza ndugu yake wa tumbo moja, ndugu akaitikia, yakaisha.

Wakati huo nilikuwa nimefaulu kuendelea na shule ya bweni ya wasichana, na ndama wa kwanza ndiye angenisomesha. Kila mjomba alipokuja alisema ng'ombe hajambo, ana mimba, kisha amezaa, kisha ndama bado mdogo, wataalamu wanaomba tuvumilie. Tukavumilia. Wenzangu wakaenda shule na masanduku yao ya bati, mimi nikabaki napalilia viazi kwenye ukungu, namsubiri ndama akue. Nafasi yangu akapewa mwingine.

Siku moja mama alinituma posta kununua stempu. Karani akanipa mpya, ya kuiadhimisha taasisi ile. Kichwa cha Malkia kilikuwa pembeni, na katikati amesimama ng'ombe mwenye baka usoni na pembe iliyoinamia jicho. Nilipiga kelele mpaka karani akanifokea. Mama alipoiona stempu alicheka huku analia, akazunguka nayo kijiji kizima, hata kwa wale aliokuwa hasemi nao. Ng'ombe wake ameonekana na dunia!

Basi tuliposikia taasisi inafanya sherehe Makambako, tulipanda lori la mahindi, mama amevaa kitenge cha kanisani. Alitaka kumwona ng'ombe wake na kurudi na ndama. Kamba alikuwa nayo kabisa, ameiviringisha kiunoni.

Mzungu aliyehutubia alijisemea Kiswahili chake mwenyewe, wala hakuhitaji mkalimani. "Ng'ombe hii nasaidia sisi sana," alisema, akionyesha picha kubwa ya stempu. "Yeye kufa mwaka ya kwanza, lakini dawa napatikana. Mwenyewe natoa bure. Mwenyewe ni mtu huyu hapa." Akamshika mjomba bega. Watu wakapiga makofi. Mjomba alikuwa na sare mpya yenye vifungo vya shaba, maana zawadi hiyo ndiyo iliyompandisha cheo, na alikuwa akitabasamu mpaka alipotuona.

Mama hakupiga kelele. Mimi nilitamani apige. Nilitamani amwaibishe pale pale, mbele ya Malkia wake na makarani wake.

Mjomba alitufuata kwenye lori. "Dada, wasingempokea ng'ombe wa mjane. Ilibidi niseme ni wangu. Na alipokufa, ningekuambiaje?"

"Hivi hivi, kwa mdomo huo huo," mama alimjibu. "Na huyo ndama uliyekuwa unamkuza?"

Mjomba akageuka, akarudi kwenye sherehe yake. Nilimchukia siku hiyo, na sijaona sababu ya kuacha.

Hata hivyo undugu hauna talaka. Aliendelea kuja, na mama aliendelea kumpikia, ila kuku hakumchinjia tena. Nilipokuja kuposwa, mjomba alikaa mbele, kama inavyompasa mjomba, amevaa sare yake, miguu ameinyoosha. Wakwe walipatana na baba mdogo juu ya kila kitu, kisha mshenga akauliza kwa heshima: je, ng'ombe wa mjomba wa binti aletwe lini, kabla ya harusi au baada?

Mjomba akakohoa kidogo, akajiweka sawa. Kabla hajafungua kinywa, mama aliweka chini sahani ya viazi aliyokuwa akiwaandalia wageni.

"Msihangaike," alisema. "Huyu wake alishamchukua."