Kofia ya Ilunga na Udongo wa Kichuguu

Siku niliyoanza kumwonea Ilunga wivu naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mama yako asisikie. Keti kidogo. Jumatatu unapanda basi kwenda Zambia kutunza uwanja wa kriketi wa watu wakubwa, na katika kazi hii niliyokufundisha kuna jambo moja ambalo nimelibana mpaka leo.

Wakati ule nilikuwa kijana, na Wahindi wa maduka na wa migodini walikuwa wamekodi uwanja nje kidogo ya mtaa wetu wa Kapata. Walicheza kriketi yao juu ya zulia lililotandikwa kwenye saruji, lakini hawakuridhika. Walitaka ukanda wa udongo pale katikati, mahali mrushaji anapoudundisha mpira kabla haujamfikia mpigaji. Wakamtafuta Tata Mbuyu, mzee aliyewahi kuwatengenezea wakubwa wa migodi ya zamani viwanja vya tenisi kwa udongo wa kichuguu. Udongo ule unapondwa, unachekechwa, unamwagiwa maji, kisha unakandamizwa kwa rulo la chuma mpaka unakuwa mgumu kama sakafu. Sisi vijana wawili tuliokuwa tunakata majani pale, Ilunga na mimi, tulijua kwamba mmoja wetu atachaguliwa kufundishwa.

Akachaguliwa Ilunga. Mimi nikaachiwa majani.

Roho iliniuma, sikufichi. Patroni aliyesimamia uwanja, Mhindi mmoja muuza vitambaa, alimpa Ilunga kofia nyeupe yenye ukingo mpana, na watu wa Kapata wakaanza kumwita Ilunga wa Kriketi. Mimi hawakuniita kitu. Nilikata majani huku macho yangu yako kwake. Nilijua saa anayomwaga maji, saa anayovuta rulo, hata namna anavyokohoa. Kila asubuhi aliinama juu ya ukanda wake, akakaa hivyo kidogo, akainuka, ungedhani anamsalimia mkwe. Nikasema moyoni, huyu anajionyesha mbele ya patroni. Chakula kikanishinda. Mama yangu akadhani ni malaria, akanipeleka zahanati, nikachomwa sindano ya bure.

Basi, watu wa mtaa wa Kasulo wakaanza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Ikapatikana pia chini ya nyumba ya kaka yake Ilunga, na Ilunga akaacha kazi akaenda kuchimba huko. Kofia akaiacha stoo. Niliichukua mimi, pamoja na ukanda. Ungeniona siku ile ungedhani nimetawazwa kuwa chifu.

Mechi kubwa ya kwanza ilikuwa na Wahindi wa Lubumbashi. Patroni aliniambia wazi kwamba ukanda ukiharibika watarudi kwenye zulia, na kazi ya udongo itakuwa imekwisha. Sikuogopa. Nilifanya kila alichokuwa akifanya Ilunga, saa zilezile: maji asubuhi, rulo jua likishapanda, rulo tena jioni. Hata kuinama niliinama, mwanangu. Niliinama palepale, nikakaa kidogo, nikainuka. Nilichoinamia sikukijua, lakini kofia ilinikaa vizuri.

Siku moja kabla ya mechi Tata Mbuyu akaja na baiskeli yake. Ukanda ulikuwa umekauka kwa juu, unang'aa. Mzee akatoa ufunguo wa nyumba yake, akauchomeka kwenye udongo. Ukazama wote, kama kidole kwenye ugali.

“Hii ni bukari,” akasema. “Uliweka mayi saa gani?”

“Asubui, tata. Saa ya Ilunga.”

“Ilunga alikuwa nafanya vile wakati ya jua. Sasa mvula iko nanyesha. Ulikuwa naangalia mutu, haukuangalia udongo.”

Akaupangusa ufunguo kwenye suruali, akapanda baiskeli yake. Hakunipigia kelele, na hilo liliniuma zaidi. Mechi ikachezwa juu ya zulia, nami nilisimama pembeni na kofia yangu kama bwana harusi aliyekimbiwa. Patroni akanipa mpaka mvua zikatike nimwonyeshe ukanda mgumu, la sivyo nitafute kazi nyingine.

Tata Mbuyu akanituma Kasulo kwa Ilunga. Nilikwenda nikinung'unika njia nzima. Shimo lilikuwa katikati ya chumba cha kaka yake, na Ilunga akapanda kutoka humo, vumbi mpaka kwenye kope. Mimi nilikuwa nimesahau kuvua kofia. Akaitazama sana. Uso ule niliujua, maana nilikuwa nao miaka yote ile nikikata majani. Ilunga alikuwa ananionea wivu mimi, mimi niliyeharibu kazi!

“Kofia inakukaa muzuri,” akasema.

“Tata Mbuyu anasema nilipika bukari.”

Akacheka, lakini si sana. Angeweza kuninyamazia tu, na patroni angemfuata mwenyewe kumrudisha. Alilijua hilo, nililiona likimpita usoni. Kisha akanawa mikono, akanishika kidole gumba, akakikandamiza kwenye sakafu ya udongo kando ya shimo.

“Wakati nilikuwa nainama, nilikuwa nauliza udongo. Unakandamiza hivi. Kama unasikia baridi, mayi ingali chini, ungoye. Kama kidole inaacha alama, rulo hapana. Saa haina kazi, ndugu yangu. Udongo njo inakuambia.”

Alinieleza yote mpaka giza likaingia, na roho yake ilikuwa bado inauma, maana aliponisindikiza mlangoni aliitazama kofia tena. Mvua zilipokatika, ufunguo wa Tata Mbuyu haukuingia hata ncha. Ukanda ule ndio uliokulisha na kukusomesha.

Sasa nisikilize vizuri. Watu wa Zambia walipopiga simu, nilidhani wananitaka mimi. Wakakutaja wewe. Nilikupongeza, nikacheka, kisha nikatoka nje nikaenda kukaa juu ya rulo. Niliona wivu, mwanangu. Baba mzima namwonea wivu binti yangu! Na nikasema, lile moja la mwisho simpi, abaki akinihitaji.

Lenyewe ni hili. Kidole kinakuambia habari za juu tu. Kabla ya mechi piga magoti, ugonge ukanda kwa mpini wa nyundo kutoka mwanzo mpaka mwisho, na usikilize. Ukisikia mlio wa kitu chenye uwazi ndani, matabaka ya udongo hayajashikana, hata kama juu pamekauka kabisa. Fumua pale, uanze upya.

Huko uendako wivu utakushika, na utakudanganya kwamba unajifunza kwa sababu humwondolei mwenzako macho. Shusha macho, gusa udongo. Na siku atakapokuja mdogo wako wa kazi anayekupita, mpe lile la mwisho kabla hajakuomba. Usingoje roho itulie kwanza. Ya Ilunga haikutulia, na yangu bado.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kidole kinachosikia na jua la kutosha kabla ya kila mechi, na wakuite kwa jina lako mpaka uzeeke. Kofia ya Ilunga hii hapa. Ichukue upesi, kabla sijabadili mawazo.